Utangulizi: Mahali Mirija Inapokutana

Mirija ya ekmo, mashine inayofanya kazi ya mapafu, na wakati mwingine ya moyo, nje ya mwili, ni minene kama kidole gumba. Mmoja unatoka kwenye mshipa mkubwa wa paja ukiwa umejaa damu ya rangi ya zambarau lililoiva. Mwingine unarudi shingoni ukiwa na damu nyekundu inayong'aa. Kati yake ipo pampu inayozunguka karibu bila sauti, na kijisanduku cha plastiki ambacho kwa siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, ndicho pafu la mgonjwa. Kwa mtu mzima damu hupita humo lita 4 hadi 5 kila dakika, yaani karibu damu yote aliyo nayo. Kando ya kitanda husimama mashine nyingine, ile ya kuchuja damu, yenye mirija myembamba inayokaribia ile ya dripu, nayo huvuta mililita 150 hadi 250 tu kwa dakika. Kitabu hiki kinahusu mahali ule mrija mwembamba unapoingia kwenye ule mnene. Mahali penyewe hapazidi urefu wa kiganja.

Karibu, basi. Mimi ni mtu wa figo. Nililelewa na vipimo vya kreatinini na karatasi za hesabu ya maji, na ekmo niliiogopa kwa miaka mingi kama mtu wa bara anavyoiogopa bahari. Siku niliyoitwa kuunganisha mashine yangu kwenye ekmo kwa mara ya kwanza, niliiwasha, ikapiga kelele na kusimama. Nikaiwasha tena, ikasimama tena. Mara ya tatu, muuguzi wa zamu, dada aliyenizidi sana uzoefu, akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini ili wanafunzi wasisikie: “Dokta, mashine yako inadhani katheta imechomoka.” Alikuwa sahihi. Kwa nini alikuwa sahihi nitaeleza hapo mbele, maana robo tatu ya fani hii imo ndani ya sentensi yake ile.

Vitabu vingi huisimulia historia ya fani hii kama ya mashine mbili zilizokutana ukubwani, moja ya figo, nyingine ya moyo na mapafu. Mimi naisoma vingine: zimezaliwa nyumba moja. Mwaka 1943, katika mji mdogo wa Kampen, Uholanzi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, daktari kijana Willem Kolff alizungushia ngoma ya vipande vya mbao mita nyingi za mrija wa selofani, ule uliotumika kutengenezea ngozi za soseji, akailaza ngoma hiyo kwenye beseni kubwa la maji ya chumvi. Damu ilipita ndani ya selofani, ngoma ikazunguka, na taka za mwilini zikapenya kwenda majini. Wagonjwa wake wa mwanzo walifariki karibu wote. Ilipofika 1945 ndipo Sofia Schafstadt, mama wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu, alipozinduka baada ya saa 11 za kuchujwa.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia. Lakini Kolff aliona jambo jingine pale kwenye ngoma: damu iliyoingia ikiwa nyeusi ilitoka ikiwa nyekundu. Selofani iliyokuwa ikitoa taka ilikuwa pia ikiingiza oksijeni. Figo yake ya bandia ilikuwa pafu bila yeye kukusudia! Alipohamia Cleveland, Marekani, miaka ya 1950, alilirudia jambo hilo na kuunda pafu la utando lililokusudiwa hasa kuwa pafu. Baadaye, akiwa Utah, timu yake ndiyo iliyotengeneza moyo wa bandia aliowekewa Barney Clark mwaka 1982. Mtu huyohuyo, figo, pafu na moyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kuunganisha mashine hizi ni kulazimisha ndoa ya wasiojuana, mwambie hao ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa mbalimbali.

Undugu wao unaonekana hata leo. Pasua chujio la figo na pafu la ekmo vilivyokwisha kutumika, uvitazame (vipya usiguse, bei yake itakutoa machozi). Ndani ya vyote viwili utakuta maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati. Kwenye chujio la figo damu hupita ndani ya nyuzi na maji ya dawa hupita nje. Kwenye pafu la ekmo ni kinyume, hewa ndani, damu nje. Ni shati lilelile, limegeuzwa tu.

Waliolelewa mbalimbali, nimesema. Upande wa moyo, John Gibbon alimfanyia upasuaji msichana wa miaka 18 huko Philadelphia tarehe 6 Mei 1953, na kwa dakika 26 mashine ikashika kazi yote ya moyo na mapafu yake. Lakini mashine za namna ile ziligusanisha damu na oksijeni moja kwa moja, na damu haivumilii kugusana hivyo kwa muda mrefu, inaharibika. Utando ndio uliogeuza dakika kuwa siku. Mwaka 1971 kijana wa miaka 24 aliyeumia ajalini huko California alipona baada ya kukaa saa 75 kwenye pafu la utando chini ya timu ya Donald Hill, na mwaka 1975 Robert Bartlett akamwokoa mtoto mchanga ambaye wauguzi walimwita Esperanza, yaani Matumaini.

Upande wa figo, kwa miongo kadhaa kuchuja damu kulikuwa kazi ya saa chache kwa mkupuo, jambo ambalo mgonjwa mahututi mwenye presha ya kuunga-unga hawezi kulihimili. Ufumbuzi ulipatikana kwa bahati. Huko Göttingen, Ujerumani, mwaka 1977, Peter Kramer alielezea namna ya kuchuja damu mfululizo, usiku na mchana, taratibu. Inasimuliwa kwamba wazo hilo lilitokana na katheta iliyokusudiwa kuingia kwenye vena ikaingia kwenye ateri ya paja. Badala ya kuichomoa na kuomba radhi, Kramer akaona kwamba presha ya mgonjwa mwenyewe inatosha kuisukuma damu kwenye chujio pasipo pampu. Leo pampu zimerudi, ateri tumeiacha, ila ule utaratibu wa polepole umebaki. Na ndio unaotumika zaidi kwenye ekmo.

Sasa, kwa nini mgonjwa wa ekmo ahitaji figo ya bandia? Zaidi ya nusu ya watu wazima wanaowekwa kwenye ekmo figo zao huumia, na sehemu kubwa yao huishia kuchujwa. Mara nyingi figo zilikwisha kuumia kabla pampu haijafika: presha ilishuka, oksijeni ikapungua, maambukizi yakasambaa kwenye damu, dawa kali zikamiminwa. Ekmo nayo huongeza lake. Pampu ikivuta kwa nguvu mno hupasua seli nyekundu, himoglobini ikamwagika kwenye damu na kuziba mirija midogo ya figo; ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, usimlaumu mgonjwa kwa kutokunywa maji, itazame pampu.

Hata hivyo, ukisimama kwenye wodi na kuuliza mashine ya figo imeitwa kwa sababu gani, jibu utakalolipata mara nyingi ni maji. Mgonjwa wa ekmo hupokea dawa kwa dripu, damu na plazima, chakula kwa mpira wa puani, na kila kimoja kinaingia na maji yake. Lita 3 hadi 4 kwa siku si ajabu. Figo zikigoma, maji hayo hayana pa kwenda. Miguu inavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na mapafu tuliyoyapa likizo ili yapone yanaendelea kuloa.

Lugha yetu hapa inatupa msaada na inatuchengesha kidogo. Tunasema “kusafisha damu”, na mtu akisikia hivyo anafikiria uchafu. Nakumbuka mama mmoja, mtu mzima, aliyekuwa akimuuguza mwanawe. Nilipomwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: “Mwanangu, mmesema mnamsafisha damu. Kwani imechafuliwa na nini?” Nikamjibu kwamba uchafu upo, lakini zaidi tunamkamua maji. Akafunua shuka, akaitazama miguu ya mwanawe kwa muda. “Ndiyo maana,” akasema. “Hii si miguu yake.” Tangu siku ile, kwenye kikao na ndugu wa mgonjwa, nasema kwanza maji, uchafu baadaye.

Kuyatoa maji hayo ndiko kunakotaka adabu. Ukiyatoa haraka kuliko mwili unavyoweza kuyarudisha kwenye mishipa, vena inasinyaa na kuubana mdomo wa katheta ya ekmo. Pampu inavuta, hakuna kinachokuja, na ule mrija mnene unaanza kutikisika kitandani kama mpira wa bustani uliokanyagwa. Muuguzi mzoefu huuona mtikisiko huo kabla skrini haijasema kitu. Mtikisiko ukizidi, mtu atamimina nusu lita ya maji ili pampu ipate cha kuvuta, na nusu lita hiyo ndiyo uliyokesha ukiitoa. Nimeona usiku mzima ukiisha hivyo: mtu wa figo anatoa, mtu wa ekmo anarudisha, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayeharibu kazi. Karatasi ya maji asubuhi inasoma sifuri.

Tuje kwenye mrija wenyewe. Njia za kuunganisha ni tatu. Ya kwanza ni kutoziunganisha kabisa: mgonjwa anawekewa katheta ya pili, na mashine ya figo inafanya kazi yake mbali na ekmo. Ni njia safi kwa upande wa shinikizo, ila inataka kutoboa mshipa mkubwa wa mtu ambaye damu yake imetiwa heparini isigande, na mara nyingi mishipa mizuri imekwisha kuchukuliwa na ekmo. Ya pili ni kupachika chujio tupu ndani ya mzunguko wa ekmo, damu isukumwe na pampu ya ekmo yenyewe, na maji yanayotoka yapimwe kwa pampu za kawaida za dripu. Ni rahisi na haina gharama kubwa. Shida yake ni hesabu. Pampu za dripu ziliundwa kuingiza dawa, wala hazikuundwa kuvuta maji kutoka kwenye chujio. Tuseme zinakosea mililita 20 tu kwa saa. Kwa mtu mzima hilo halimshtui mtu. Kwa mtoto mchanga wa kilo 3, damu yake yote haijai chupa ya soda. Mililita 20 kwa saa ni 480 kwa siku, karibu mara mbili ya damu aliyo nayo. Ndiyo maana kwa watoto natetea njia ya tatu, au nataka ndoo ya maji yaliyotoka ipimwe kwa mizani kila saa, hata kama wauguzi watanichoka.

Njia ya tatu ni kuichukua mashine kamili ya kuchuja damu, yenye mizani na vipimo vyake, na kuiunganisha kwenye mirija ya ekmo. Hapa ndipo yule dada aliponifundisha. Mashine ya figo imezoea dunia yake: mrija unaovuta damu una shinikizo hasi, na ule unaorudisha damu una shinikizo chanya kidogo. Shinikizo la mrija wa kurudishia likishuka ghafla, mashine inatafsiri kwamba katheta imechomoka na damu inamwagika sakafuni, kwa hiyo inasimama. Inafanya vizuri, imeokoa watu. Sasa iunganishe kwenye ekmo. Kabla ya pampu, damu inavutwa, na shinikizo linaweza kuwa hasi 50 hadi hasi 100 kwa milimita za zebaki. Baada ya pampu, damu inasukumwa, na linapanda hadi 200 chanya au zaidi. Mimi nilikuwa nimerudisha damu yangu kabla ya pampu ya ekmo. Mashine yangu ikakuta mrija wa kurudishia unanyonywa badala ya kusukuma, ikahitimisha kwamba mgonjwa anavuja.

Ningeweza kuzima king'ora, na wapo wanaofanya hivyo. Wengine hubana mrija kwa koleo ili kubadilisha shinikizo, na seli nyekundu zinapasuka zikipita kwenye tundu lile jembamba. Yote mawili nayakataa. Siku hizi timu nyingi huchukua damu baada ya pafu la ekmo na kuirudisha kati ya pampu na pafu, yaani pande zote mbili kwenye shinikizo chanya, ilimradi mashine ya figo inakubali kupangwa hivyo. Faida kubwa imejificha kwenye mpangilio: kiputo cha hewa au bonge la damu likitoroka kwenye mashine ya figo, litakutana kwanza na pafu la bandia na kunaswa humo kabla halijamfikia mgonjwa. Gharama yake ni kwamba sehemu ndogo ya damu iliyokwisha kupata oksijeni inazunguka tena bila kwenda mwilini. Ikiwa mililita 200 kati ya 4,500, naivumilia.

Shika hili hata kama utasahau mengine. Ukifungua koki upande wa hasi, hewa inaingia. Ukiifungua upande wa chanya, damu inaruka hadi ukutani. Damu ya ukutani inafutika.

Kuhusu ushahidi, nitakuwa mkweli kwako mapema. Wagonjwa wa ekmo wanaochujwa hufariki zaidi kuliko wasiochujwa, na jambo hilo limeonekana tena na tena. Wako waliolisoma kama hukumu dhidi ya mashine. Lakini anayemwita fundi wa paa ni mwenye nyumba inayovuja. Huwezi kumlaumu fundi kwa mvua. Swali la wakati wa kuanza nalo limepimwa kwa wagonjwa mahututi kwa ujumla. Utafiti wa STARRT-AKI wa mwaka 2020, wenye wagonjwa karibu 3,000, ulionyesha kwamba kuanza mapema hakukupunguza vifo, na walioanza mapema walibaki wakitegemea mashine kwa wingi zaidi siku ya 90. Kiwango pia kimepimwa: tafiti mbili kubwa za 2008 na 2009 hazikuona faida ya kuchuja kwa nguvu zaidi, na leo lengo la kawaida ni mililita 20 hadi 25 kwa kila kilo kwa saa. Nikiwa kitandani kwa mgonjwa wa ekmo, naongozwa na tafiti hizo kwenye kiwango. Kwenye wakati wa kuanza naongozwa nazo nusu, kwa kuwa maswali yake yalihusu zaidi figo, na mgonjwa wangu ananiuliza kuhusu maji. Sisubiri kreatinini ipande wakati miguu imekwisha kubadilika.

Yapo mengine utakayoyakuta mbele. Mirija ya ekmo hunyonya dawa zinazopenda mafuta, kama fentanili, na chujio la figo huondoa zile zinazopenda maji, ikiwamo antibiotiki nyingi, hata mgonjwa akawa anapewa dozi kamili na kupata nusu. Sitrati inaweza kulinda chujio lisigande pale heparini inapozuiwa na mgonjwa kuvuja damu. Na homa hupotea: mashine zote mbili huipoza au kuipasha damu, kwa hiyo joto la 37 kwenye skrini huenda ni joto la mashine. Nimeona maambukizi yakichelewa kugunduliwa siku mbili kwa ajili hiyo, na aliyechelewa ni mimi.

Msomaji wa Dodoma, Kisumu au Bukavu atauliza haya yote yanamhusu nini. Ni swali la haki. Ekmo ni ghali, na zaidi ya bei inataka muuguzi asiyeondoka kitandani saa 24. Hospitali ambayo mitungi yake ya oksijeni huisha Ijumaa haina sababu ya kuanzia hapo. Lakini nusu ya elimu hii tayari tunayo. Wauguzi wa kusafisha damu wako kwenye hospitali nyingi za rufaa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa moyo, na hapo wapo watu ambao kazi yao ni kuendesha mashine ya moyo na mapafu. Huko Moshi, madaktari wa hospitali ya KCMC walionyesha kwamba figo zilizosimama ghafla zinaweza kusaidiwa kwa kutia maji tumboni na kuyatoa, pasipo mashine, na wagonjwa wakapona. Wa figo na wa pampu mara nyingi hawajawahi kunywa chai meza moja. Saa tisa usiku king'ora kikilia kwenye kile kiganja cha mrija, kila upande hudhani ni cha mwenzake. Sura ya pili imeandikwa na wote wawili, nami niliwalazimisha wakae chumba kimoja hadi imalizike.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, tafuta penseli. Chora kitanda, chora pampu, chora pafu, kisha mrija mnene unaotoka na unaorudi. Weka alama ya kutoa palipo na mvuto na alama ya kujumlisha palipo na msukumo. Ukimaliza, onyesha kwa kidole mahali ambapo ungethubutu kufungua koki.